Nililipia video, watu wakaja kwa sauti: riviu ya studio iliyotutangazia mashindano ya bao

Watu kama wanne hivi wameshanifuata inboksi, anti mlitangaza vipi yale mashindano ya bao mpaka watu wakajaa vile, mlilipa shilingi ngapi, hao vijana wa studio wanafaa au wanakula hela tu. Basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina la studio silitaji, ni vijana wa watu na ndo kwanza wanaanza, na mengine nitakayoyasema sio mazuri. Wako Tanga mjini, Ngamiani huku, anayewajua atawajua.

Kwa ujumla nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5. Ila ningeruhusiwa kugawa kila kitu na chake, sauti ningewapa 5, gari 4, video 2, posta 1, na hiyo 1 ni kwa sababu rangi zilipendeza.

Shughuli yenyewe ilikuwa mashindano ya bao la kete, ya mtaa tu, siku moja, pale viwanja vya Tangamano, bure, anayetaka kucheza acheze anayetaka kutazama atazame, kahawa na kashata zipo. Marehemu baba alikuwa mchezaji na baraza lake ndo mie nauza kahawa na chapati hapo mpaka leo, sasa wazee kila siku wanalalamika vijana hawachezi tena, wote wako kwenye kubeti na puli, nikawaambia basi badala ya kulalamika tufanye mashindano tuone kama hawaji. Tukachangishana. Tukanunua zawadi, tukakodi viti na turubai, ikabaki kama laki 4 ya kutangazia, na hapo ndo nikaenda kwa hao vijana.

Bei zao hizi hapa maana najua ndo mnachotaka: audio ya sekunde 45 elfu 50, video ya dakika moja laki na nusu, posta mbili za kutuma kwenye simu elfu 30, gari la matangazo siku mbili laki na 20 mafuta humo humo, na kupushi Instagram na Facebook, yaani kulipia tangazo lionekane kwa watu wengi, wiki moja elfu 70. Inafika 420,000, nikalia lia wakanifanyia 380,000 na wakanitupia laivu ya siku yenyewe kama ofa. Vibali wakasema hivyo ni vyako mteja, wao hawaingii, kwa hiyo kama unaenda kwao anza kwa mwenyekiti wa mtaa mapema kabisa, mie hiyo nenda rudi ilinimalizia siku tatu na viatu.

Sasa audio. Ya kwanza waliyonitumia nilitamani kucheka nikatamani na kulia. Biti la singeli linakimbia hilo, mara sauti nzito inaingia "WAKAZI WA TANGAAAA AAA AAA" na mwangwi juu, yaani kama yule anayeuza dawa za nguvu stendi. Nikawasikilizisha wazee pale baraza, mmoja akaniuliza kwani mwanangu ni bao au ni ngumi? Nikarudi studio nikamwambia yule kijana wa mitambo, mdogo wangu, bao ni mchezo wa kukaa chini, hapa unanitisha watu. Na hapa ndo nilipompenda yule mtoto, hakununa, akasema usijali anti, niletee mzee mmoja anayeongea vizuri tumrekodi yeye.

Nikampelekea mzee wangu mmoja, ana sauti ya kukwaruza ya miaka ya kahawa na sigara. Kijana akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za bodaboda, akamwambia mzee usisome karatasi, ongea kama unamwambia mtu barazani. Mzee akayataja mashindano yenyewe na kahawa ya bure, akamalizia: "Ewe, kama unajua kutakata, njoo Tangamano Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Na kama hujui, njoo ufungwe." Basi! (Kutakata kwenye bao ni kusogeza kete bila kula za mwenzako.) Halafu akacheka kile kicheko chake. Yule kijana akaweka bao letu mezani akasogeza maiki karibu akarekodi kete zinavyoangukia mashimoni, tak, tak, tak, akaiweka chini ya sauti ya mzee badala ya biti. Ukisikiliza na hedfoni unaweza kujua kete zimeishia shimo la ngapi, na sitanii, wazee wawili walibishana kuhusu hilo.

Kasoro ndogo tu, faili walilonipa mwanzo lilikuwa wav, MB karibu 8 kwa sekunde 45, nani atadaunlodi hiyo kwa bando la mia tano? Nikaomba wanibadilishie iwe mp3 ikashuka chini ya MB 1. Hata hivyo ile mp3 kwenye magrupu haikwenda sana, watu wakiona faili lenye jina refu refu wanalipita. Kilichokwenda ni pale mzee aliposhika simu yangu mwenyewe akarudia yale yale kama voisi noti ya kawaida ya WhatsApp, hiyo ndo watu wakaibonyeza, maana voisi unajua kabisa kuna mtu anakuambia kitu. Ikaforwadiwa sijui mara ngapi, huyu anamtumia yule, yule naye anawatumia wake, inafika mbali. Na mie nilikuwa na bahati moja ambayo vijana wa studio hawakuijua, ile brodkasti ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajaseivu namba yako, sasa mie muuza chapati, namba yangu nusu ya Ngamiani wanayo kwa ajili ya oda za asubuhi. Wewe kama namba yako ni mpya na hakuna anayekujua usitegemee brodkasti, tafuta mtu kama mie.

Gari. Pikapu na spika nne juu, inasikika haswa, dereva kijana mstaarabu, akikaribia msikiti wakati wa adhana anazima mwenyewe bila kuambiwa, hilo nampa heshima yake. Walipita Ngamiani yote, Makorora, Msambweni, Mabawa, wakaenda mpaka Duga na Mikanjuni. Tatizo siku ya kwanza waliweka ile audio nzima ya sekunde 45 na gari haisimami. Mie nimekaa kibarazani kwangu nasikia "...sindano makubwa ya ba... kahawa ya bure na ka..." gari hiyo imeshaishilia kona. Jirani akaniuliza eti kuna sindano za nini tena, za watoto? Hapo unaona tofauti, mtu aliyeshika simu anaweza kusikiliza sekunde 45 akarudia, lakini mtu aliyekaa ndani anapikia anapata sekunde 15, akibahatika 20, halafu imepita. Kwa hiyo kwenye gari kinachotakiwa ni nini, wapi, lini, saa ngapi, halafu inarudia tena palepale. Nikampigia kijana, usiku ule ule akakata kipande cha sekunde 12, bao, Tangamano, Jumamosi, saa tatu asubuhi, akakirudia mfululizo na kete katikati. Bure, hakuniomba hata ya soda. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa nikamwambia dereva baada ya sala asiende mbio, asimame kona za soko la Makorora na Mgandini dakika tano tano, na ile Ijumaa moja ilileta simu nyingi kuliko wiki nzima ya mtandaoni.

Haya, video. Hii ndo imekula hela nyingi kwahiyo nina hasira nayo kidogo mnisamehe. Wamekuja na droni, wamekuja na kamera kubwa, wamekuja vijana watano na miwani, mtaa mzima umetoka kuangalia. Kazi iliyorudi ni nzuri kwa macho, siwezi kudanganya, lakini ni video ya dakika moja na sekunde kama 20 za mwanzo ni bahari. Bahari tu, Raskazone, mawimbi, mashua, jua linazama. Halafu mji kutoka juu. Halafu mtoto anakimbia kwa slomosheni, sijui mtoto wa nani yule. Bao limeonekana sekunde nne nadhani, na lenyewe ni vidole vya mzee kwa karibu sana mpaka hujui kama anacheza bao au anachambua mchele. Tarehe na mahali vinakuja mwishoooni, ambako hakuna mtu anafika maana watu wanapitisha kidole sekunde ya tatu. Nikawaambia wekeni bao mwanzo, wakaniambia anti hii inaitwa kujenga hisia. Sawa, hisia imejengwa, uwanjani nani atakuja?

Na wakaiwekea wimbo maarufu wa msanii mkubwa tu bila kuomba ruhusa ya mtu, tukapandisha jioni, asubuhi mtandao umeshaizima sauti, video inakwenda bubu. Studio inayolipisha watu hela ilitakiwa ijue haya, hakimiliki ipo, COSOTA wanaosimamia hakimiliki wapo, sio kila wimbo uliopo kwenye simu ni wa kwako kutangazia shughuli. Wakaniambia usijali anti. Siku mbili zikapotea. Mwisho nikawaambia jamani si mna sauti ya mzee na kete zake, ni zenu wenyewe mmezirekodi, wekeni hizo. Wakaweka, na hapo video ndo ikawa na maana kidogo. Na waliandika maneno juu ya video, wazo zuri maana wengi wanaangalia simu imezimwa sauti, yuko kwenye daladala au ofisini, ila mwanzo waliandika kwa dhahabu kubwa "SAVE THE DATE", yaani weka tarehe, na date kwa Kizungu ni tende pia. Mzee mmoja aliyesoma soma zamani akakazia macho weee, akasema, hizo tende tunatakiwa tuzihifadhi za nini, futari bado. Ikaondolewa.

Posta sasa, jamani. Ya kwanza ilikuja na picha ya bao waliloitoa kwenye intaneti, safu mbili mashimo kumi na mbili, lile la nchi nyingine huko. Bao letu lina safu nne, mashimo 32, kete 64, mtoto wa Tanga hata kama hachezi anajua. Wazee wakasema hilo trei la mayai. Ikabadilishwa, wakapiga picha bao letu wenyewe, safi. Sasa ya pili imekuja nzuri, picha sawa, rangi sawa, mahali sawa, mie kwa furaha nikairusha kila mahali bila kusoma vizuri, kumbe imeandikwa "SAA 9:00 ASUBUHI".

Yaani kijana ana templeti ya kizungu yenye 9:00 AM, kabadilisha AM ikawa asubuhi, ile 9 kaiacha palepale. Mzee kwenye voisi anasema saa tatu asubuhi, gari linasema saa tatu, posta inasema saa 9, na saa tisa ya asubuhi ni ipi hiyo kwa Mswahili? Wengine wakadhani wamekosea kuandika asubuhi walimaanisha alasiri. Nilipata simu mpaka nikazima simu. Posta ikishatoka kwenye magrupu huwezi kuivuta, mpya tuliituma lakini ile ya zamani ikaendelea kutembea zake. Na kweli siku ya siku watu kama 10 walitokea saa tisa alasiri wakati ndo tunaingia nusu fainali, nguo zimepigwa pasi, wanauliza wajiandikishe wapi. Mmoja alitoka Muheza! Nilimpa kahawa na kashata nikamwomba radhi, alikuwa muungwana. Hiyo ndo sababu ya nyota moja.

Kupushi sitachelewa nako. Elfu 70 imekwenda, video imeonekana mara elfu 11 na ushee, vijana wananionyesha skrini kwa fahari, ona anti. Nikasoma komenti, wa Mbeya anasema leteni na huku, wa Mwanza kaweka moyo, mwingine anauliza hiyo bichi ni ya wapi inaingia bei gani (ile bahari yao imetangaza utalii ya watu). Nikauliza mlichagua wanaoona wawe wa wapi? Tanzania nzima. Umri? 18 mpaka 30. Sasa mashindano ya bao ya mtaa Tanga mjini, bure, unamwonyesha kijana wa Mbeya ili iweje? Unaweza kuchagua mji, unaweza kuchagua na kilomita kuzunguka sehemu, hela ile ile ikazunguka Tanga tu mtu mmoja akaiona mara tatu nne mpaka akakumbuka. Walirekebisha zikiwa zimebaki siku mbili.

Mie nilimweka mtoto wa dada mezani kwenye kujiandikisha na daftari, kila mchezaji anaulizwa umesikia wapi. Wachezaji walikuwa 54. Gari 21, voisi ya mzee 17, kuambiwa na mtu 12, posta 3, Instagram 1. Na huyo mmoja wa Instagram alikuwa kijana wa studio yenyewe, kaja kurusha laivu akanogewa akajiandikisha, akafungwa raundi ya kwanza na mzee wa miaka sijui 70 na.

Watazamaji sikuhesabu, walikuwa wengi, viti 100 viliisha wengine wakakaa kwenye ukingo. Na vijana walikuja jamani! Tulidhani hawatakuja. Kuna mmoja aliniambia ile "njoo ufungwe" ndo imemleta, eti ameona kama mzee anamtukana yeye binafsi.

Laivu ilikuwa ya ofa kwa hiyo nisiseme sana. Simu waliiweka kwenye stendi mbele ya wachezaji kama mahojiano, sasa bao limelala mezani, kinachoonekana ni upara wa mzee na mgongo wa anayesimama mbele. Shemeji yangu yuko Maskati alikuwa anatazama ananiandikia, shem kete ziko wapi, mie naona kofia tu. Bao linapigwa picha kutoka juu, simu iangalie chini, hapo mtu anaona namua yote, kete zinavyoingizwa moja moja, na anaona nyumba, lile shimo kuu, ikiliwa. Raundi ya mwisho wakaifunga simu kwenye nguzo ya turubai na kamba ya mgomba, ikatulia, na ile nusu saa ya mwisho ndo watu wa Maskati na Dar walikuwa wanabishana kwenye komenti kama wamekaa barazani, huyu anasema asingekula pale huyu anasema mtaji, yaani nafasi ya kula, umeisha. Ningejua ningeikodi hiyo peke yake.

Picha za siku hiyo walisema siku tatu, zimekuja wiki ya pili. Usijali anti.

Kwa hiyo ukiniuliza, mwakani narudi kwao? Narudi, ila nachukua audio na gari, na namwomba yule kijana wa mitambo kwa jina. Posta nitaandika maneno mwenyewe kwa mkono kwenye karatasi, saa nitaiandika kwa herufi, "saa tatu asubuhi", namba sitaki kuiona. Video nitachukua simu ya mtoto wa dada, nitamrekodi mzee anacheza sekunde 20 kutoka juu, tarehe mwanzo, kisha basi. Laki na nusu ile nitaongeza siku mbili za gari.

Na kitu kimoja wala sikuwalaumu wao maana hata mie sikukiwaza. Mzee kwenye voisi kasema "Jumamosi hii", hakusema tarehe. Voisi haina tarehe, inaforwadiwa tu. Jumamosi iliyofuata baada ya mashindano nafungua biashara asubuhi, nakuta wazee wawili wa Mabawa wamekaa barazani na bao lao wamelifunga kwenye kanga, walifika Tangamano hawakuona mtu wakaelekezwa kwangu. Na juzi hapa, mwezi umeshapita, kanipigia mmoja wa Pangani anauliza hiyo Jumamosi hii, nauli ya kurudi jioni ataipata?